Shilingi mia moja ilienda wapi? Namna ya kufumbua mafumbo ya hesabu

Marafiki watatu wamekula samaki na ugali katika hoteli moja ufuoni Kisumu. Bili imekuja sh 3,000 na kila mmoja ametoa sh 1,000. Mara mwenye hoteli anagundua amekosea, bili sahihi ni sh 2,500. Anampa mhudumu sh 500 awarudishie wateja. Njiani mhudumu anaona 500 haigawanyiki sawasawa kwa watu watatu, anatia 200 mfukoni na kumrudishia kila mmoja 100. Basi kila mteja amelipa 900, na 900 mara tatu ni 2,700. Mhudumu ana 200. Jumla ni 2,900. Ile mia moja iko wapi?

Fumbo hili huulizwa stejini, madarasani, hata matangani usiku watu wakisubiri kuche. Kiasi cha fedha hubadilika na chakula hubadilika, lakini watu hunaswa pale pale. Wanaanza kuisaka ile mia, ilhali hakuna mia iliyopotea.

Uliza fedha ziko kwa nani sasa hivi. Mwenye hoteli ana 2,500, mhudumu ana 200, wateja wamerudishiwa 300. Jumla ni 3,000 kamili. Ile 2,700 ni fedha zilizowatoka wateja zisirudi, na ndani yake tayari mna 2,500 za hoteli na 200 za mhudumu. Ukiiongezea 200 tena, unamhesabu mhudumu mara mbili. Kinachotakiwa kuongezwa kwenye 2,700 ni 300 za wateja.

Mwenzako akiendelea kubisha, na watu hubisha kweli kweli, usimrudie kwa maelezo yale yale. Badilisha namba. Tuseme bili sahihi ilikuwa 2,000, mhudumu akapewa 1,000, akaficha 700 na kumrudishia kila mmoja 100. Kila mteja bado amelipa 900, jumla 2,700. Ongeza 700 za mhudumu: 3,400. Sasa mbona zimezidi 400? Hapo ndipo mtu hunyamaza na kufikiri, kwa sababu inadhihirika kwamba jumla ile haikuwa na maana tangu mwanzo. Kwa namba za kwanza ilikaribia 3,000 tu, na kukaribia huko ndiko kulikotuhadaa.

Kubadilisha namba ndicho chombo cha kwanza cha kufumbua mafumbo, na hakuna anayehitaji kuwa hodari wa hesabu ili akitumie. Chemshabongo nyingi hazina hesabu ngumu kuliko za darasa la sita. Ugumu wake uko kwingine: kuna jambo moja tumelikubali bila kuulizwa, nalo ndilo linalotufunga.

Chukua fumbo la chui, mbuzi na mzigo wa majani. Mtu anataka kuvuka mto, tuseme Nzoia, kwa mtumbwi unaombeba yeye na kimoja tu kati ya vitatu hivyo. Akimwacha chui na mbuzi, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Ulaya fumbo hilo lina mbwamwitu, mbuzi na kabichi, na limo katika mkusanyo wa Kilatini unaohusishwa na Alcuin wa York, mwanazuoni wa zama za mfalme Charlemagne, kwa hiyo lina umri wa miaka kama 1,200. Safari ni saba. Mvushe mbuzi, rudi mtupu. Mvushe chui, rudi na mbuzi. Vusha majani, rudi mtupu, umfuate mbuzi. Wanaoshindwa hushindwa kwenye safari ya nne, kwa sababu wamejiwekea sharti kwamba kilichokwisha kuvuka hakirudi. Soma fumbo tena: sharti hilo halimo.

Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu, andika masharti yaliyotajwa, kila moja kwenye mstari wake. Halafu jiulize ni yapi unayoyafuata ambayo hayako kwenye orodha.

Mitungi miwili na pipa la maji

Tafuta mitungi miwili ya mafuta ya kupikia iliyokwisha, mmoja wa lita 3 na mmoja wa lita 5, na pipa la maji. Kazi ni kupata lita 4 kamili. Huna kikombe cha kupimia, na kukadiria kwa jicho hakukubaliwi. (Ukitaka kuyafanya kwa mikono yako, na inafaa ufanye, kumbuka kwamba mtungi ulioandikwa lita 5 ukijazwa hadi mdomoni hupokea zaidi kidogo. Tia alama pale mafuta yalipokuwa yakifika.)

Jaza wa 5. Mimina kutoka humo hadi wa 3 ujae, wa 5 ubaki na lita 2. Mwaga wa 3, kisha hamishia humo zile lita 2. Jaza wa 5 tena. Wa 3 una nafasi ya lita 1 tu, basi mimina hadi ujae. Katika wa 5 zimebaki 4. Hatua sita.

Ukianza na mtungi mdogo utafika pia, ila kwa hatua nane. Jaza wa 3, mimina kwenye wa 5. Jaza wa 3 tena, mimina hadi wa 5 ujae, na wa 3 unabaki na lita 1. Mwaga wa 5, tia humo ile lita 1, jaza wa 3, mimina wote. Lita 4. Njia hii ni ndefu, lakini hebu hesabu maji: ya kwanza imeteka lita 10, hii imeteka 9. Kwa anayenunua maji kwa mtungi, hilo si jambo dogo. Fumbo likisema “njia bora”, uliza kwanza ubora wa nini, wa hatua au wa maji.

Sasa jaribu kupata lita 5 kwa mtungi wa 4 na wa 10. Watu hukesha na hili bure. Kila unapojaza unaongeza 4 au 10, kila unapomwaga unaondoa kiasi cha namna hiyo hiyo, na kuhamisha hakuongezi wala kupunguza jumla. Ukianza na sifuri ukawa unaongeza na kuondoa namba shufwa tu, kiasi kilicho mtungini kitakuwa shufwa daima. Tano ni witiri. Haiwezekani, na umejua hivyo bila kulowesha mikono. Kwa mitungi ya 6 na 9 utapata 3, 6 na 9, lakini 4 hutaipata kamwe, kwa kuwa namba zote mbili zinagawanyika kwa 3. Mitungi ya 3 na 5 haina namba inayoigawa yote miwili isipokuwa 1, ndiyo maana kila lita nzima inapatikana.

Kuonyesha kwamba jambo haliwezekani ni jibu kamili, sawa na kulifanya. Wengi huliona kama kushindwa. Si kushindwa hata kidogo.

Pakiti 12 na mizani ya vitanga viwili

Hili ndilo fumbo linalostahili jioni nzima. Kuna pakiti 12 za majani chai zinazofanana kwa kila hali. Moja ina kasoro ya uzito, lakini hujui kama ni nzito zaidi au nyepesi zaidi. Una mizani ya vitanga viwili, isiyo na mawe ya kupimia. Pima mara tatu tu, utaje pakiti yenye kasoro na useme ni nzito au nyepesi.

Unaweza kuyafanya kwa viberiti 12 vitupu, kila kimoja ukikitia vijiko viwili vya mchanga vilivyosawazishwa kwa kisu, na kimoja ukakizidishia nusu kijiko au kukipunguzia. Mizani ni kiango cha nguo kilichoning'inizwa kwenye msumari, na vifuniko viwili vinavyolingana vimefungwa kwa uzi kila upande. Jaribu vifuniko vitupu kwanza, kisha vibadilishane pande. Kama kiango kinalala upande ule ule, kosa liko kwenye kiango, lisahihishe kwa kusogeza uzi. Ukisahau hatua hiyo, mizani itakudanganya mwanzo hadi mwisho.

Hamu ya karibu kila mtu ni kupima sita kwa sita. Usifanye hivyo, na sababu yake ndiyo roho ya fumbo lenyewe. Hesabu hali zinazowezekana: pakiti yoyote kati ya 12 yaweza kuwa nzito au nyepesi, kwa hiyo hali ni 24. Mizani kila mara ina majibu matatu: inalala kushoto, inalala kulia, au inalingana. Kupima mara tatu kunatoa majibu 3 × 3 × 3, yaani 27. Hali 24 zinaingia kwenye 27, kwa hiyo tumaini lipo. Ila baada ya mpimo wa kwanza unabaki na mara mbili tu, nazo hutofautisha hali 9, si zaidi. Ukipima sita kwa sita, lazima mizani ilale, na zinabaki hali 12. Umeshindwa kabla hujaendelea. Tano kwa tano ikilala inaacha hali 10, nyingi mno. Tatu kwa tatu ikilingana inaacha pakiti sita, hali 12. Nne kwa nne peke yake inaacha hali 8, jibu liwe lolote. Kwa hiyo mpimo wa kwanza hauchaguliwi na mtu, hesabu imekwisha kuuchagua.

Zipe pakiti namba 1 hadi 12. Weka 1, 2, 3, 4 kushoto na 5, 6, 7, 8 kulia.

Zikilingana, kasoro iko kati ya 9, 10, 11 na 12, na zile nane za kwanza ni salama. Pima 9, 10, 11 dhidi ya 1, 2, 3. Zikilingana tena, ni ya 12, ipime na ya 1 ujue ni nzito au nyepesi. Upande wa 9, 10, 11 ukishuka, moja kati yao ni nzito: pima 9 na 10, itakayoshuka ndiyo, zikilingana ni 11. Ukipanda, fanya vivyo hivyo ukitafuta nyepesi.

Kazi iko pale 1, 2, 3, 4 zinaposhuka. Hapo ama moja ya hizo ni nzito, ama moja ya 5, 6, 7, 8 ni nyepesi. Wengi hurudia makundi yale yale madogo madogo na kukwama. Ujanja ni kuhamisha: baadhi zibaki upande wake, baadhi zivuke, baadhi zitoke. Weka 1, 2, 5 kushoto na 3, 6, 9 kulia, ukijua 9 ni salama. Pakiti 4, 7 na 8 ziwe nje.

Kushoto kukishuka tena, ni 1 nzito, 2 nzito au 6 nyepesi. Pima 1 na 2: itakayoshuka ndiyo, zikilingana ni 6. Kulia kukishuka, mizani imegeuka, kwa hiyo kasoro iko kwenye zilizovuka, yaani 3 nzito au 5 nyepesi. Pima 3 na 9: 3 ikishuka ndiyo, zikilingana ni 5. Mizani ikilingana, kasoro iko nje: 4 nzito, 7 nyepesi au 8 nyepesi. Pima 7 na 8: itakayopanda ndiyo, zikilingana ni 4.

Na kama katika mpimo wa kwanza 1, 2, 3, 4 zilipanda, rudia yote haya ukibadilishana nzito na nyepesi, kushuka na kupanda. Kosa linalotokea sana hapa ni kutoandika. Kichwa hakiwezi kushika kwamba 6 inashukiwa kwa wepesi tu na 2 kwa uzito tu. Andika kila pakiti na shaka yake: “2 nz”, “6 ny”, “9 salama”. Karatasi moja yatosha.

Kamba ya Maseno

Maseno, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, kuna kibao kinachoonyesha mstari wa ikweta. Fikiria kamba imeanzia pale, ikazunguka dunia nzima juu ya ikweta ikiwa imebana ardhi, ikarudi pale pale: kama kilomita 40,075. Sasa ikate, uunge kipande cha mita 1 tu, kisha iinue kamba ienee juu ya ardhi kwa urefu sawa kila mahali. Itakuwa juu kiasi gani? Karatasi itapita chini yake?

Paka atapita. Nafasi ni karibu sentimita 16.

Hili linakera akili, kwa kuwa mita 1 ikigawiwa kilomita 40,075 inaonekana si kitu. Lakini hatuigawi kwa urefu wa kamba. Fikiria shamba la mraba lililozungushiwa kamba. Isogeze kamba nje kwa sentimita 10 kila upande, ibaki mraba. Kila ubavu umerefuka kwa 10 mwanzoni na 10 mwishoni, yaani 20, na mbavu ni nne: sentimita 80. Shamba liwe la kuku au la ekari elfu, nyongeza ni 80 tu. Ukubwa wa shamba haukuingia popote kwenye hesabu. Duara nalo liko hivyo, ila badala ya kugawa nyongeza kwa 8 unaigawa kwa 6.28, yaani pai mara mbili. Mita 1 gawanya kwa 6.28 ni sentimita 15.9. Pima kwa sahani na uzi ukiwa na shaka: uzi wenye sentimita 63 zaidi ya mzingo wa sahani utakaa sentimita 10 nje yake pande zote.

Kosa lililo ndugu ya hili ni la mwendo. Matatu inapanda mlima kwa kilomita 40 kwa saa na kurudi kwa njia ile ile kwa 60. Wastani? Mdomo unakimbilia 50. Njia ikiwa kilomita 120, kwenda ni saa 3, kurudi ni saa 2: kilomita 240 kwa saa 5, yaani 48. Ule mwendo wa pole umekula muda mwingi zaidi.

Ng'ombe 17

Mzee ameacha ng'ombe 17 na wosia: mkubwa apate nusu, wa kati theluthi, mdogo tusui, yaani moja ya tisa. Hakuna ng'ombe wa kuchinjwa. Jirani anawaazima ng'ombe wake, wanakuwa 18. Nusu ni 9, theluthi ni 6, tusui ni 2. Jumla 17, na jirani anaondoka na ng'ombe wake. Kwingine fumbo hili husimuliwa kwa ngamia.

Watu hushangilia hekima ya jirani wakaishia hapo. Utamu uko mbele kidogo: jumlisha mafungu. Nusu ni 9 ya 18, theluthi ni 6 ya 18, tusui ni 2 ya 18. Jumla ni 17 ya 18, si kitu kizima. Wosia wenyewe uligawa pungufu, na ng'ombe wa jirani aliziba pengo hilo tu, kila mwana akapata zaidi kidogo ya alichoandikiwa: mkubwa 9 badala ya 8 na nusu. Ukishalijua hilo unaweza kutunga lako. Tafuta mafungu ambayo jumla yake inapungukiwa na fungu moja: nusu, robo na moja ya sita ni 11 ya 12, kwa hiyo ng'ombe ni 11. Nusu, robo na moja ya tano ni 19 ya 20, ng'ombe 19. Kutunga fumbo kunafundisha kuliko kufumbua kumi, kwa sababu hapo unalazimika kujua linasimama juu ya nini.

Kuna mafumbo mengine ya kucheza watu wawili, na mbegu za ajua, yaani bao, zinatosha. Weka 21. Kila zamu mtu achukue 1, 2 au 3, na atakayechukua ya mwisho ndiye mshindi. Anza kufikiri kutoka mwisho. Ukimwachia mwenzako 4, achukue atakavyo, wewe unamaliza. Kumwachia 4, mwachie 8 kabla yake, na 12, 16, 20. Basi anayeanza achukue 1, kisha kila mwenzake anapochukua, yeye akamilishe nne: akichukua 3, chukua 1. Ila sikiliza sharti vizuri. Wakisema wa mwisho ndiye ameshindwa, namba za kumwachia mwenzako ni 1, 5, 9, 13, 17, na mwenye kuanza na 21 yumo hatarini tangu mwanzo.

Mkikaa kikundi, iwe barazani au darasani Nakuru, mpeni mmoja jibu na kazi ya kujibu “ndiyo” au “hapana” tu. Asitoe dokezo hata akiombwa, kwa kuwa fumbo likishadokezwa halirudi tena kuwa jipya. Likikataa, liacheni hadi kesho. Na anayedai amefumbua aeleze kwa nini jibu ni hilo na haliwezi kuwa jingine. Asipoweza, bado hajafumbua.

Mkimaliza pakiti 12, ongezeni moja ziwe 13, mizani ile ile, mara tatu. Hali sasa ni 26, na 26 bado inaingia kwenye 27. Hata hivyo mtaweza kuitaja pakiti yenye kasoro tu. Kuna hali moja ambamo hamtajua kama ni nzito au nyepesi. Anzeni na mpimo wa kwanza: wekeni nne kwa nne, zilingane, kisha hesabuni ni hali ngapi zimebaki kwenye zile tano.